Jina la Kudekeza Kwenye Kadi ya Chanjo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Paka, Punda na Mbwa wa Lamu

Siku ya chanjo, foleni haikwami kwa paka anayekataa kutoka kapuni. Hukwama kwenye mstari mmoja wa kadi: jina la mnyama. Mtu mzima na kofia yake huangalia nyuma, huona jirani yupo, hushusha sauti, kisha husema, "Andika Paka tu, mwanangu." Nyumbani kwake paka huyo anaitwa Kaimati, au Kipusa, au Roho Yangu, na watoto wote wa kipande kile cha Langoni wanajua.

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wenye haya hiyo, na kwa wale wasio na haya hata kidogo. Nimeyakusanya maswali kama yanavyoulizwa. Ukitaka jibu moja uende zako, ni hili: andika lile jina ambalo mnyama akiliitwa anageuka.

Sheria inaruhusu kuandika jina kama "Kipusa" au "Habibi"?

Inaruhusu. Mtoto wa mtu huandikishwa kwa msajili na hupewa cheti cha kuzaliwa. Paka hana msajili. Sheria inayotugusa sisi wenye wanyama wa nyumbani mara nyingi zaidi ni ile ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365 ya Sheria za Kenya, na shughuli yake ni chanjo na kuzuia ugonjwa. Kama mnyama anaitwa Sultani au anaitwa Kaukau ni shauri lako.

Kama hakuna msajili, "jina rasmi" la mnyama ni lipi?

Ni lile lililoandikwa kwenye karatasi ya kwanza, likarudiwa vilevile kwenye karatasi zote zinazofuata. Karatasi zenyewe ni chache: kadi ya chanjo, rejista ya kliniki, sajili ya chipu (kidude chenye namba chini ya ngozi) kama amewekewa, na cheti cha afya kama atasafiri nje. Urasmi wake hautokani na jina kuwa la heshima. Unatokana na karatasi hizo kukubaliana. Ukimwandika Malaika leo, mwakani Malaika Mweupe, na mwaka wa tatu Bi Malaika, una paka mmoja na kumbukumbu za paka watatu, kila mmoja na chanjo moja.

Kwa nini nisiandike "Paka" na mambo yaishe?

Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloleta hasara.

Chukua nyumba yenye paka wanne, jambo la kawaida kabisa hapa Amu, yaani Lamu. Wote wamechanjwa siku moja. Kadi nne zote zimeandikwa "Paka", jike, kijivu na milia, kwa sababu ni mama na wanawe na wanafanana. Miezi minane baadaye mmoja anamuuma mtoto wa jirani pale ngazini. Mzazi wa mtoto anakuja na swali la haki: huyu aliyeuma amechanjwa? Unatoa kadi nne. Tatu zimechanjwa mara mbili, moja mara moja tu, maana siku ile ya marudio paka mmoja alikuwa juu ya dari na hakupatikana. Yupi? Hakuna mtu awezaye kusema.

Kwa paka au mbwa aliyeuma na bado yu hai, utaratibu ni kumweka chini ya uangalizi kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate wakati anauma. Hata hivyo mtoto hasubiri siku 10: jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu aende hospitali. Sasa yote haya yanataka ujue kwa hakika ni mnyama yupi unayemtazama na ana historia gani. Kama kadi ingesema "Shombo, jike, kijivu na milia, ncha ya mkia imepinda," mazungumzo yangekuwa mafupi na ujirani ungebaki.

Kwa hiyo andika jina, na chini yake andika alama. Rangi peke yake haitoshi. Sikio lililochanika, jicho lenye mtoto wa jicho, kidole cha ziada, mkia mfupi: hizo ndizo alama.

Paka wangu ana majina matano. Niandike lipi?

Wengi wenu mko hivi. Asubuhi ni Chichi, akiiba samaki ni Wewe Mwizi, usiku ni Laazizi, mjukuu anamwita Nyau, na baba mwenye nyumba hamwiti chochote ila humtengea kichwa cha samaki kila siku.

Mjaribu. Ngoja ametulia kibarazani, hajalala usingizi mzito na hana njaa. Mtu aliye nyuma ya mlango ataje maneno manne ya kawaida, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile na kwa kituo kileile: sahani, pazia, ndoano, mkeka. Halafu ataje mojawapo ya majina yake. Wewe tazama masikio. Jina lake likitajwa, sikio litazunguka au kichwa kitainuka, hata kama mwenyewe hatajisumbua kuja. Rudia siku nyingine kwa jina jingine.

Njia hii si yangu. Atsuko Saito na wenzake wa Japani waliitumia, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019: paka wa majumbani walitofautisha jina lao na maneno mengine yenye urefu sawa, hata yakitamkwa na mtu wasiyemjua. Paka wa kwenye mkahawa wa paka, ambako wateja huwaita wote kwa pamoja, walishindwa kutofautisha jina lao na la wenzao. Hilo la mwisho liwaingie wenye paka wanane na mdomo mmoja wa kuwaita.

Ufupi husaidia. Kipusa, Zabibu, Tosha, Kaimati: silabi mbili, tatu, nne kwa mbali, na irabu ya mwisho ambayo unaweza kuivuta ukiwa juu ya paa. "Nuru ya Mato Yangu" ni jina zuri sana, ila paka atakuwa ameshafika Mkunguni kabla hujalimaliza. Hilo andika refu ukipenda, lakini katika mabano weka "Nuru", maana ndiyo anayoisikia.

Naona haya. Mhudumu atasimama mlangoni aite "Mpenzi wa Bwana fulani" watu wote wasikie.

Ataita, ndiyo. Na watu watacheka, kisha atafuata mwenye paka aitwaye Bwanangu na wewe utasahaulika.

Hata hivyo swali lina maana zaidi ya haya ya kliniki, kwa sababu jina la mnyama huitwa hadharani maisha yake yote. Vichochoro vya Mkomani ni vyembamba, nyumba zimesimama ana kwa ana, na sauti inayotoka dirisha la juu hufika kwa kila aliye barazani. Mama akifungua dirisha magharibi akaita "Mahabubu! Mahabubu, ndoo!" (yaani njoo) wanageuka wanaume watatu, na mmoja wao anaitwa hivyo kweli. Yapo majina ambayo ndani ya nyumba hayana neno, ila yakitoka nje yanaanza kutafutiwa tafsiri. Habibi na Mpenzi ni ya namna hiyo. Kwa mwanamume anayeishi peke yake au mjane ambaye majirani hawana kazi nyingine, ningeshauri lile la kulika: Halua, Kaimati, Zabibu, Bajia, Tende. Mapenzi ni yaleyale na hakuna atakayeuliza unamwita nani.

Wapo waliochagua kuandika Mpenzi na kuita Mpenzi kwa sauti kubwa kila jioni hadi mtaa ukazoea. Hilo nalo linawezekana, ukiwa na moyo.

Naweza kumpa jina la mtu? La jirani, la mwalimu wangu, la mheshimiwa?

Sheria haikukatazi. Mimi nakukataza.

Pwani tunajua kusemana bila kusemana. Leso hununuliwa kwa ajili ya maandishi yake, ikavaliwa siku moja tu, ipite mbele ya mlango mmoja tu. Mnyama naye hutumika hivyo. Mtu akigombana na shemeji yake, wiki ya pili punda ana jina jipya, na punda huyo anapitishwa kwa fimbo na matusi mbele ya nyumba ya shemeji kila asubuhi. Ugomvi wa jina la punda ni mgumu kuamua, maana kila mmoja anaapa kwamba hakukusudia.

Jina la mheshimiwa nalo lina kasoro yake: punda huishi miaka mingi kuliko kipindi cha bunge. Utamwita kwa mapenzi miaka mitano ya kwanza, miaka kumi inayofuata utakuwa unaeleza.

Jina la mtu anayependa na kucheka, mwenyewe akiwa ameulizwa, halina ubaya. Nimeona bibi mmoja akifurahi kweli kupewa paka wajina, naye akawa anamletea dagaa kama mjukuu.

Na dini inasemaje?

Mimi si sheikh. La fatwa liulize msikitini kwako. Ninachoweza kusema ni mambo yanayojulikana na kila aliyepita chuo cha Kurani. Kumpa mnyama jina ni jambo la zamani: ngamia wa Mtume alikuwa Qaswaa, nyumbu wake Duldul, punda wake Yaafur. Na sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa lakabu iliyotokana na paka aliyekuwa akimlea, Abu Huraira. Waulize watu jina lake alilopewa na wazazi, wengi watanyamaza.

Watu wa hapa hawawapi wanyama majina ya mitume wala yale yanayoanza na Abdi. Fuata adabu hiyo, hata usipoandikiwa popote.

Punda wangu ni wa kazi. Naye aandikwe jina la kudekeza?

Aandikwe. Naona watu wanatenga: paka wa kupendwa, punda wa kubeba. Lakini nenda Ukutani au kule nyuma karibu na mashamba jioni, kazi imekwisha, utazame kijana anavyomkuna punda wake shingoni akimwita kwa jina ambalo mchana mbele ya wenzake hatalitamka.

Mji huu umesimama juu ya mgongo wa punda. Mawe, mchanga, saruji, boriti, mitungi ya gesi: vyote hushuka gatini na kupandishwa kwa punda, kwa sababu njia ni zile zilizoachwa na wazee na gari haliingii. Kliniki ya punda ya shirika la Uingereza lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen ilifunguliwa hapa mwaka 1987, na tangu hapo punda wengi wa Amu wameandikwa mahali fulani kwa ajili ya dawa ya minyoo, kwato na vidonda vya mgongo.

Punda ana majina mawili na yote yana kazi. Liko la zizini, fupi na la upendo, na liko la mashindano. Wakati wa Maulidi na tamasha la utamaduni vijana hupanda punda mbio za ufukweni, na hapo hutasikia Kidoti wala Mtoto. Utasikia majina ya radi, ya ndege za kivita na ya wachezaji mpira. Kwenye kadi andika la zizini. Siku punda ana msokoto wa tumbo, daktari anayesimama pembeni yake anahitaji neno litakalomtuliza, na hilo haliwi Kombora.

Neno moja la tahadhari. Jina si hati ya umiliki. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya ngozi za kupeleka China, wizi wa punda ulienea sehemu nyingi za Kenya, hadi serikali ikatangaza marufuku mwaka 2020 na shauri likaendelea mahakamani. Mwizi humwita punda jina lolote. Kwa hiyo picha mbili, moja ya kila ubavu, alama ya masikio, kovu la tandiko, na jina lako wewe kwenye rejista. Na ukishafika kuandikisha, ulizia chanjo ya pepopunda. Punda na farasi huathirika vibaya sana na ugonjwa huo, na jeraha dogo la msumari linatosha kuuleta.

Paka wetu analala nyumba tatu, kila nyumba ina jina lake. Nani mwenye haki ya kuandika?

Hili ni swali la Lamu hasa. Paka anakunywa chai ya maziwa kwa Maalim akiitwa Zabibu, anakula adhuhuri nyumba ya pili akiitwa Chichi, na usiku analala kwenye mashua iliyopandishwa kutengenezwa, ambako mafundi wanamwita Nahodha. Kila mmoja, kwa nia njema, anamleta chanjo. Paka anachomwa mara tatu ndani ya mwezi na anaanza kuwachukia watu.

Aandikwe na nyumba iliyomleta kwanza, na majina mengine yaandikwe kwenye kadi hiyohiyo: "Zabibu, pia Chichi, pia Nahodha." Halafu mwambizane. Kama amefungwa uzazi kwa ule utaratibu wa kuwakamata paka wa mtaani, kuwafanyia upasuaji na kuwarudisha walipotoka, mara nyingi utakuta ncha ya sikio moja imekatwa kwa mstari ulionyooka. Alama hiyo inaonekana kwa mbali, na inawazuia watu wasimpeleke tena kisuni.

Tulimwandika Malkia, sasa daktari anasema ni dume. Tubadilishe?

Kama hamwoni shida, mwacheni Malkia. Yeye hana habari.

Mkitaka kubadilisha, badilisheni kwenye kadi ileile: kata jina la zamani kwa mstari mmoja unaosomeka, andika jipya kando, tarehe, na aliyekata atie sahihi. Msifungue kadi mpya. Kadi mpya inamzaa upya mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa.

Kitoto cha paka kinadanganya hadi wiki kadhaa. Ila rangi husaidia kubahatisha: mwenye rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya chungwa, karibu kila mara ni jike, na wa chungwa mtupu karibu wanne kati ya watano ni madume. Ni mambo ya kurithi yanayokaa kwenye kromosomu ya X. Kwa hiyo kama huyo Malkia wenu ni wa chungwa, mlikuwa mmeshaonywa.

Kuandika: "Macho" au "Mato"? "Kibibi" au "Kibiibi"?

Andika unavyotamka. Kama nyumbani ni Mato, ni Mato, usimsahihishe ili afanane na kitabu cha shule. Ukishaandika, piga picha kadi kwa simu, na kila mara onyesha picha hiyo badala ya kutaja kwa mdomo. Mhudumu aliyetoka bara ataandika alichosikia.

Mbwa je?

Mbwa ni wachache ndani ya mji wa kale kuliko kule Hindi, Mpeketoni na mashambani, au kwa wenzetu wa Malindi wanaolinda nyumba. Huko majina yamekwisha zamani: Simba, Popi, Simba, Popi. Hakuna ubaya, isipokuwa siku ya kampeni ya chanjo Simba wakiwa kumi na wawili chini ya mwembe mmoja. Ongezeni jina la ukoo: Simba wa Kadzo, Simba wa Dukani.

Mbwa ndiye mwenye kuhitaji kadi kuliko wote, kwa kuwa kuumwa na mbwa ndiko kunakoleta karibu vifo vyote vya kichaa kwa binadamu, na Kenya imeshajiwekea lengo la kuvimaliza kufikia mwaka 2030. Chanjo ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha marudio kila mwaka.

Kwa wenye mbwa wa nasaba: huko mambo hugeuka. Vyama vinavyosajili nasaba hutaka jina refu lenye jina la banda alikozaliwa, na huweka mpaka wa herufi. Chama kikuu cha Marekani huhesabu hata nafasi kati ya maneno. Farasi wa mbio hupewa herufi 18 tu. Mbwa hao huwa na jina la cheti ambalo halitamkwi na jina la kuitia chakula. Ni desturi yao, nao wana sababu zao za ukoo na uzazi. Mwenye Popi hana haja ya kuiga.

Ninahamia Ulaya na paka wangu anaitwa Roho Yangu. Nitakwamishwa uwanja wa ndege?

Kwa jina, hapana. Kwa mpangilio wa tarehe, ndiyo, na wengi hukwama hapo, hasa wenye wachumba Italia huko Malindi wanaokumbuka paka wiki mbili kabla ya tiketi.

Ulaya haimtambui mnyama kwa jina. Inamtambua kwa chipu, kitu kidogo kama punje ya mchele kinachochomekwa chini ya ngozi ya shingo, chenye namba ya tarakimu 15. Mpangilio ni huu na haugeuzwi: chipu kwanza, halafu chanjo ya kichaa. Ukitanguliza chanjo, kwao ni kama hakuchanjwa. Baada ya chanjo ngoja angalau siku 30, ndipo damu itolewe na kupelekwa kwenye maabara wanayoitambua kupimwa kinga. Kiwango kinachokubalika ni angalau 0.5 kwa mililita kwa kipimo cha kimataifa. Kutoka siku damu ilipotolewa ngoja miezi mitatu. Kwa Kenya, ambayo haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo hicho, njia ya mkato haipo. Cheti cha afya cha kutokea nchini hutolewa na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, makao yake Kabete.

Akishafika na kupewa pasi ya wanyama ya Umoja wa Ulaya, atakuta nafasi ya jina, na kando yake kinyota chenye maelezo kwamba ni jina lililotajwa na mwenye mnyama. Yaani hata wao, pamoja na namba zote hizo, hapo wamekuachia wewe. Mwandike Roho Yangu. Na kwenye sanduku la safari bandika jina hilo kwa herufi kubwa. Mpakiaji mizigo asiyejua Kiswahili akilisoma hata kwa kukosea, paka atasikia kitu anachokijua.

Kuna mnyama yeyote maarufu ambaye jina lake la kudekeza ndilo lililokuwa rasmi?

Yupo wa karibu kabisa. Desemba 2004, wakati wa tsunami, mtoto wa kiboko alikwama baharini karibu na Malindi, mbali na mdomo wa mto Sabaki ambako kundi lake lilikuwa. Watu walihangaika naye kwa nyavu hadi wakamtoa, akapelekwa Haller Park kule Bamburi, Mombasa. Akaitwa Owen, jina la mmoja wa waliomwokoa. Huko akajibanza kwa kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100, na kobe huyo jina lake lilikuwa Mzee. Basi. Mzee, kama unavyomwita yeyote mwenye mvi anayepita. Picha zao zilizunguka dunia nzima, na popote zilipofika, kwa lugha yoyote, yule kobe alibaki Mzee.

Linganisha na twiga wa Malindi aliyepelekwa China na kufika mwaka 1415. Kule walimpokea kwa jina la mnyama wa baraka wa hadithi zao, qilin, na katika miaka hiyo twiga aliyefika kule alichorwa na kuandikiwa mashairi ya sifa. Jina la huyu wa Malindi, alilokuwa akiitwa na yule aliyemlisha majani safari nzima baharini halikutufikia. Mimi ningetoa shairi moja la yale nilipate.

Watoto wanagombana kuhusu jina, kadi inajazwa kesho.

Aandikwe la yule anayesafisha mchanga wake.

Nimepoteza kadi. Mtanipata kwenye rejista?

Utapatikana kama uliandikisha jina la maana. Rejista hupangwa kwa jina la mwenye mnyama, kisha la mnyama. Njoo na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la mnyama kama lilivyoandikwa siku ya kwanza, mtaa, na mwezi wa chanjo ya mwisho ukikumbuka. Ukija na "yule paka mweupe wa mwaka jana, aliyemkwaruza daktari," tutacheka pamoja na itabidi achanjwe upya. Mlete asubuhi kabla jua halijakali, ndani ya kapu lenye kifuniko au mfuko wa kiondo uliofungwa juu, na usimlishe samaki njiani.